Dubu wa Traudl

Ulm, 6 Oktoba 1996

Volkmar mdogo wangu,

Mimi sijambo, ila pua yangu ndiyo mgonjwa. Leo nimeshinda kwenye chumba cha marehemu Mama, kile cha madubu wake wa kuchezea. Nimenawa na kunawa tena kwa ile sabuni ya dukani tunayotolea mafuta ya nguruwe, na harufu bado imening'ang'ania. Ni dawa ya nondo, ni vumbi, halafu kuna kitu kitamukitamu kama keki iliyosahaulika. Na kweli ilikuwa keki. Nyuma ya kabati la vioo nimekuta sahani yenye kipande kilichoota ndevu za kijani, mshumaa mdogo umechomekwa juu. Alikuwa anawafanyia sherehe za kuzaliwa, Volkmar! Mama yetu, ambaye kila mwaka mimi ndiye niliyempigia simu kumkumbusha kwamba leo nimezaliwa.

Kazi yangu unaijua. Nimesimama bucha tangu ujana, nimetoa matumbo, nimesafisha bongo za ndama, na sijawahi kugeuza uso. Leo nimefungua dirisha nikatapikia maua ya Bi Häberle, naye yuko chini anafagia maana ni wiki yake ya zamu ya kufagia ngazi.

"Pole, Gerlinde," akaniambia, "msiba ni mzito."

"Si msiba," nikamjibu, "ni madubu."

Wamejaa makabati yote, wakubwa kwa wadogo, wamekaa kwenye viti vyao, wamevaa shali alizowafumia. Ukiwainua, nondo wanaruka. Mmoja tumbo limepasuka, nyuzi za mbao zinamtoka kama kuku asiyetumbuliwa vizuri. Na yale macho ya kioo! Unapita, yanakufuata.

Mimi sitaki hata mmoja. Wewe je? Kama nawe hutaki, nawaita wazoa taka waje na gari.

Dada yako,
Gerlinde


Bremen, 11 Oktoba 1996

Dada Gerlinde,

Umenichekesha, halafu nikaacha kucheka. Usiwaite wazoa taka, nakusihi. Wale wenye kifungo cha chuma sikioni, alama ya kiwanda, wanagombaniwa na watu wazima wenye akili zao, na wanaviziana minadani kama fisi. Nimeulizia. Yupo dalali mmoja Stuttgart, Bwana Egon Prätorius, hafanyi kingine maishani ila madubu. Nitamwelekeza kwako.

Mimi pia sitaki hata mmoja. Chumba chao kilitiwa hita kabla ya changu, unakumbuka? Na siku nilipomwoa Silke, Mama alikaa kanisani na dubu mapajani, na wakati wa picha akamgeuza dubu atazame kamera. Silke ameshaondoka na mimi nimebaki na hiyo picha. Kila nikiiona natamani kunawa uso.

Wauzwe. Lakini usitupe yeyote, hata yule mchakavu aliyetafunwa sikio. Wachakavu nao wana wateja wao.

Mdogo wako,
Volkmar


Ulm, 24 Oktoba 1996

Volkmar,

Huyo Prätorius wako amekuja. Ana vidole vyeupe kama minyoo, na koti la velveti. Chai hakutaka, alitaka kunusa. Anamchukua dubu, anazika pua tumboni mwake, anafumba macho, anavuta pumzi, halafu anatoa kauli: "Nyumba ya wavuta sigara." Au: "Huyu amelala na mbwa." Anawapanua miguu kutazama mishono. Nilitamani kumpiga na fagio.

Akafika kwa yule wa sikio lililotafunwa. Akampapasa zile alama za meno kwa kidole, polepole, akalamba midomo.

"Huyu," akasema, "ana mtoto ndani yake."

"Ana nyuzi za mbao ndani yake," nikamwambia.

"Nani alimtafuna?"

"Bwana, wewe nunua manyoya. Meno hayakuhusu."

Akatabasamu. "Mama mpendwa, manyoya ni ya kila mtu. Kinachouzwa ni meno. Nipe jina la mtoto, nipe picha yake akiwa na dubu huyu, na kama, Mungu apishe mbali, mtoto mwenyewe hakubahatika kukua, basi hapo watu watalia, na anayelia hahesabu pesa."

Nilimwambia hakuna jina, hakuna picha, na mlango ni ule pale. Amewachukua wote kwenye masanduku. Chumba ni kitupu, nimepiga deki kwa siki, na bado kinanuka.

Tafadhali, akikupigia simu kuhusu yule aliyetafunwa, mwambie auzwe kimyakimya pamoja na wenzake. Nakuomba hili tu.

Gerlinde


Bremen, 30 Oktoba 1996

Dada,

Pole kwa usumbufu. Ndiyo walivyo watu wa fani hiyo, kila kazi ina wendawazimu wake. Prätorius nimeshaongea naye, usijisumbue na mambo madogo. Mnada ni Desemba, Stuttgart. Huna haja ya kwenda. Pumzika, funga nyumba, kula vizuri.

Volkmar


Ulm, 2 Desemba 1996

Volkmar,

Nimeletewa kitabu cha mnada. Nimekifungua mezani huku nakula dengu na tambi, na sahani imerudi jikoni ilivyokuja.

Ukurasa mzima, kwa rangi! Yule aliyetafunwa amewekwa juu ya mto mweupe kama maiti ya askofu, na pembeni yake ile picha ya mtoto mwenye gauni na nywele za mawimbi, amemshika dubu sikio. Chini wameandika: "Dubu wa Traudl. Mwenza wa mwisho wa malaika mdogo aliyechukuliwa na dondakoo. Alama za meno ni zake mwenyewe. Dubu anauzwa pamoja na picha halisi."

Alama za meno ni zake mwenyewe! Mimi mfanyakazi wa bucha, sisi ng'ombe tunamwandikia alikotoka, lakini hatumwandikii kwamba alikuwa analia.

Picha hiyo umeipata wapi? Umeipekua lini? Kaitoe, Volkmar. Wapigie leo wauchane huo ukurasa. Dubu wasiyemtaka tena wamrudishe, mimi nitalipa gharama. Sikuombi kwa ajili ya Mama, wala kwa ajili ya marehemu dada yetu Traudl. Nakuomba kwa ajili yako. Usiniulize zaidi, fanya tu.

Gerlinde


Bremen, 5 Desemba 1996

Dada Gerlinde,

Unaniuliza kama mwizi, nami nitakujibu kama mwizi. Nilichukua picha hiyo siku ya maziko, wakati nyie mnakata keki ya matanga chini. Ilikuwa kwenye droo ya kando ya kitanda chake, imefungwa kwa kitambaa cha hariri. Nyuma yake Mama ameandika kwa mkono wake: "Traudl wangu."

Unajua nilikuwa natafuta nini kwenye droo ile? Picha yangu. Mtu mzima, naibu mwalimu mkuu, nimepiga magoti kwenye zulia natafuta kama kuna mahali mama yangu aliweka sura yangu karibu na mto wake. Hakuna. Alikuwepo yeye tu, na gauni lake, na dubu wake.

Wewe ulimjua, ulicheza naye. Mimi nilizaliwa amekwisha kuzikwa, nikakaa nyumba ile kama mpangaji kwenye chumba cha marehemu. "Traudl asingemwaga maziwa." "Traudl alikuwa anakula vizuri." Nikipata alama nzuri shuleni, Mama anatazama dirishani. Mtoto aliyekufa hakosei, Dada. Ushindani gani huo?

Basi safari hii moja anilishe yeye. Amekula sahani yangu miaka yote. Picha haitoki. Na usinitishe kwa maneno ya mafumbo ati "kwa ajili yako". Mimi ningekuwa na mtu wa kunifanyia kitu kwa ajili yangu, nisingekuwa nauza vitu vya maiti.

Volkmar


Ulm, 15 Desemba 1996

Volkmar,

Nilikwenda.

Ukumbi umejaa watu wa umri wangu na zaidi, wamepakata madubu wao waliokuja nao, wanawapulizia pumzi, wanawachana kwa vibrashi. Bibi mmoja alikuwa anamlisha wake biskuti, makombo yanadondoka kifuani. Kulikuwa na joto, na kulinuka manukato na sufu iliyolowa.

Prätorius alipofika kwa yule, alishusha sauti kama padri. Akasoma ile hadithi yake. Watu wakatoa leso. Hapo nikasimama.

"Uongo!" nikasema. "Mimi ni dada wa Traudl. Dubu wa Traudl alichomwa moto uani pamoja na godoro lake, daktari aliamuru, na mimi nilikuwa dirishani naona. Huyo si wake."

Leso zikashuka. Nikadhani nimemaliza kazi. Unajua alichofanya yule mtu? Alishuka jukwaani, akanishika mkono wangu kwa vile vidole vyake, akawageukia watu, machozi yakimlengalenga.

"Mabibi na mabwana, mmesikia wenyewe. Miaka yote hii, na kidonda bado kibichi. Familia bado haiwezi hata kukubali. Mnataka ushahidi gani tena?"

Wakapiga makofi, Volkmar. Wakanipigia makofi! Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Masikini, ndiye dada mwenyewe," akanigusa nywele. Mikono ikapanda kama mikono ya watoto wanaogombea peremende. Kila nilipofungua kinywa, bei ilipanda. Nikanyamaza ili wasimpandishe zaidi.

Nilitoka nikajifungia chooni mpaka walipomaliza. Fungu langu usinitumie. Ukilituma nitalirudisha.

Gerlinde


Baden-Baden, 8 Januari 1997

Bi Gerlinde mpendwa,

Naruhusu moyo wangu ukuandikie, kwa kuwa sasa mimi na wewe ni ndugu. Mimi ndiye niliyempata Traudl. Bwana Prätorius ni muungwana, amenipa anwani yako.

Amefika salama. Nimemweka pamoja na wenzake, picha yake iko kwenye fremu ya fedha. Kila asubuhi namsalimia: Umelala vizuri, Traudl wangu? Chumba kimechangamka tangu aje.

Ninayo maswali machache, na najua utafurahi kunijibu. Alipenda kula nini? Alikohoa siku nyingi kabla ya kututoka, au alikwenda haraka? Na je, lile gauni jeupe bado lipo? Na kishungi cha nywele, kama mama yenu mwenye huruma alikihifadhi? Nitalipa kwa ukarimu. Ningependa awe kamili.

Wako katika upendo wa watoto,
Cosima Leuthold


Ulm, 11 Januari 1997

Volkmar,

Soma hiyo niliyoiambatanisha. Mimi nimeisoma nimesimama, nikaenda kunawa mikono. Swali la kukohoa nimelisoma mara mbili, nikidhani nimekosea.

Sina neno la kuongeza. Mteja ni wako.

Gerlinde


Baden-Baden, 25 Januari 1997

Dada,

Nakuandikia kutoka hoteli ndogo karibu na stesheni. Treni ya Bremen nimeiacha iondoke.

Barua ya yule mama niliisoma nikaitupa jikoni, nikaiokota, nikaitupa tena. Shuleni mtoto wa darasa la kwanza alikohoa, nikatoka nje ya darasa. Mwisho nikapanda treni bila hata kumwarifu yule mama.

Ni mwembamba, msafi, ana sauti ya kinanda. Nilipomwambia mimi ni ndugu yake Traudl alinishika mashavu kwa mikono miwili. Akanikalisha, akanipa kahawa na keki ya cheri, kisha akanipeleka chumbani.

Nilidhani nimeona madubu kwa Mama. Dada, kwa Mama ilikuwa michezo. Kwa huyu kila dubu ana picha pembeni. Kila picha ina mtoto. Wa vita, wa homa, wa kuzama mtoni, mmoja wa gari. Anawajua wote kwa majina na magonjwa. Aliwatembelea mmoja mmoja, akinitambulisha: "Huyu ni kaka yake Traudl, msalimieni."

Nikamuuliza, "Na hawa wengine, hakuna waliokua wakubwa?"

Akakunja pua kama aliyeonyeshwa mzoga. "Hao siwanunui. Watoto wanaokua huharibika, Bwana Volkmar. Hawa wangu hawaharibiki."

Dada, lile ni neno la Mama! Hakulisema hata siku moja, lakini ndilo lililokuwa kwenye uso wake kila aliponitazama: kwamba mimi nimekua, nimeharibika. Na mimi, badala ya kulichukia neno hilo, nilimchukia mtoto, nikamtia kwenye sanduku nikampeleka kwenye jumba la watu kama huyu.

Nikamwambia anirudishie picha, nitalipa alicholipa na zaidi. Akacheka kwa upole. "Picha bila dubu haina maana, na dubu bila picha ni dubu tu." Nikamsihi. Akaniongezea kahawa.

Basi ikabaki njia moja, kujibebesha kosa zaidi ya lililo langu. Nikamwambia: "Mama, umenunua uongo. Dubu huyu hakuwa wa Traudl. Dada yangu alisema kweli pale ukumbini. Mimi ndiye niliyempa Prätorius hiyo picha na hadithi, nikijua si kweli. Huo ni udanganyifu, na niko tayari kuusema polisi."

Angeniambia nimemvunja moyo, ningeelewa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Una maana dubu huyu hana ushahidi?" Halafu ule upole ukamtoka usoni kama maji kwenye sinki. Alimtoa dubu rafuni kwa kumshika mguu, kichwa chini. Akampigia Prätorius simu, akapiga kelele, akanilazimisha niandike na kusaini kwamba nilidanganya. Nikasaini. Picha akaitoa kwenye fremu akanirushia mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayetupa leso ya mwenzie. "Chukua mtoto wako," akasema. Dubu wanamrudisha Ulm kwa posta.

Nimemwandikia mkuu wangu wa idara ya elimu kabla yule mama na Prätorius hawajamwandikia. Sijui kama nitabaki mwalimu. La ajabu, usiku huu sijali sana.

Picha iko hapa mezani, imeegemea kikombe. Nimemtazama huyu mtoto kwa mara ya kwanza bila wivu. Anaonekana mtundu. Ana kidevu kama changu. Ningependa kumjua. Niambie alikuwaje.

Volkmar


Ulm, 9 Februari 1997

Volkmar mdogo wangu,

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Kaa chini.

Traudl alifariki 1951. Kamera ya kwanza nyumbani Baba aliinunua 1954, alipopandishwa cheo. Traudl hakuwahi kupigwa picha, hata moja. Ndiyo maana kidevu unakifahamu.

Mtoto aliye mezani pako ni wewe.

Ulikuwa na miaka mitatu. Baba alikuwa anasafiri kwa miezi, anajenga madaraja, na Mama alikuacha nywele zikakua. Kwanza nikadhani ni uvivu. Kisha siku moja nikatoka shule nikakukuta jikoni umevaa gauni la Traudl, lile jeupe, na Mama ananikonyeza: "Usimwite Volkmar. Leo hataki." Leo ikawa kesho, ikawa msimu mzima. Dubu alimnunua kwa mjane wa jirani, akatoa hereni zake za dhahabu, ili uwe na dubu kama wa Traudl. Ulimpenda sana, ukaota meno ya nyuma ukimtafuna sikio. Meno yale ni yako. Prätorius alisema kweli bila kujua, yule mdudu.

Baba alirudi bila taarifa. Hakupiga mtu. Alikuchukua akakukalisha kwenye ngazi, akakunyoa kwa mkasi wa kuku, nawe unalia hujui kosa lako ni nini. Mama alisimama mlangoni, na ulipogeuka kumtazama, kichwa kimebaki kama cha kifaranga, Volkmar, alikutazama kama mtu aliyemwibia kitu. Akamchukua dubu mikononi mwako akamfungia kwenye kabati la vioo. Ndiye wa kwanza kuingia kabatini. Wengine wote walikuja kumfuata yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alituambia jambo lile lisitajwe nyumbani kwake, na Baba alipokufa likawa limeshaota kutu, halitajiki. Nilipoona ukurasa ule wa mnada, nilitaka kukuandikia wazi. Lakini mtu anamwandikiaje ndugu yake: hiyo maiti unayoiuza ni wewe? Nikaona heri nikasimame ukumbini nionekane kichaa.

Ulitafuta picha yako kwenye droo ya Mama. Ilikuwepo. Ndiyo hiyo tu aliyoilaza karibu na mto wake, akakuandika jina la mwingine. Sijui kama ninakupa faraja au ninakupaka uchafu. Mimi mwenyewe kila nikifikiria nasikia ule ute unaonijaa mdomoni kabla ya kutapika. Kumbe haikuwa keki, wala nondo.

Dubu amefika juzi. Nilimfungua, sikumweka kabatini, nimemkalisha kwenye kiti cha jikoni, na ananuka manukato ya yule mwanamke. Siwezi kumpenda na siwezi kumtupa, maana si wangu. Moto upo, mto Danube upo, na mto wa kulalia pia upo. Amua wewe mwenyewe.

Dada yako,
Gerlinde


Bremen, 12 Februari 1997

Dada,

Usimpe mtu. Nakuja kumchukua.

Volkmar